Usitume Ukuta Mara Mbili

Juzi Nuru, kijana aliyerithi kiti changu pale chumba cha mitambo cha hospitali, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za kustaafu (watu wananiuliza kana kwamba nimelazwa), akaingia kwenye lililomleta. Alisema amegundua kasoro katika mfumo wetu wa picha. Mtu wa upande wa pili akikaa bila kusogea, laini haijikati. Inabaki wazi tu, inakula njia ya mawasiliano. Mifumo ya kisasa yote inajikata yenyewe. Airekebishe?

Nilimwambia asiguse kitu chochote, nitamwandikia. Nilidhani ukurasa mmoja utatosha. Haukutosha, basi na ninyi wengine mliobaki pale someni. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, yapo kwenye faili la utumishi na hayana hata mstari mmoja wa kuchekesha.

Nilifika hospitalini nikitokea chuo cha ufundi, nikijua kutengeneza redio na televisheni, na nikiamini hiyo ndiyo elimu yote iliyopo. Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya dobi. Mchana kutwa kulinukia sabuni na mvuke, na ukiweka karatasi mezani asubuhi, adhuhuri imekuwa laini kama kitambaa. Bosi wangu alikuwa Mzee Malisa, mtu mfupi aliyevaa sweta mwaka mzima. Morogoro ile ya Februari, watu wanatafuta kivuli cha nguzo, yeye amefunga vifungo mpaka shingoni. Alisema kiyoyozi cha mitambo kinamuingia kwenye mifupa. Kiyoyozi chenyewe kilikuwa kibovu.

Hakuniuliza cheti. Alinipeleka dirishani, panapotazama uwanja wa wagonjwa wa nje. Kioo cha dirisha alikuwa amekichora miraba kwa kalamu ya nta, safu kwa safu. Akanikabidhi simu ya ndani, yeye akaenda chumba cha pili na karatasi yenye miraba kama ile ya kioo, penseli na kifutio. Akanipigia kutoka huko.

"Haya binti, niambie unachokiona. Mraba kwa mraba."

Nikamwambia. Ukuta wa njano, ukuta wa njano, mwarobaini, benchi, kina mama wamekaa, gari la wagonjwa limeegeshwa. Nilichukua muda mrefu mpaka sikio likauma. Mwisho akasema amemaliza kuchora, niendelee. Nikaanza tena: ukuta wa njano, ukuta wa njano.

"Ukuta umehama?"

"Hapana, Mzee."

"Basi unaniambia wa nini? Nimeshauchora. Usinitumie ukuta mara mbili. Nitumie kilichobadilika."

Nikaelewa. Nikanyamaza nikatazama. Mama mmoja amesimama, nikamtajia mraba. Amehamia kwenye kivuli, nikautaja. Gari limeondoka kuelekea getini, nikalifuata mraba kwa mraba mpaka likapotea. Kazi ikawa nyepesi, nikaanza kujiona mjuzi. Wakati wa chakula akaniita nione mchoro wake. Uwanja wote ulikuwa sawasawa, isipokuwa pale lilipokuwa gari: palikuwa na matairi mawili na nusu ya mlango.

"Hukuniambia kilichobaki nyuma lilipoondoka," alisema. "Mimi huku nitajuaje? Kinachoondoka nacho ni habari."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kubana picha. Baadaye nilipelekwa kozi, nikaoneshwa hesabu zake ubaoni, lakini kila mwalimu alipomaliza kuandika nilikuwa naona gari la wagonjwa limebaki nusu. Ninyi mmeikuta mashine inafanya yenyewe: inaigawa picha miraba, inalinganisha na picha iliyopita, inatuma miraba iliyobadilika tu, na kila baada ya muda inatuma picha nzima upya ili makosa yaliyojikusanya yafutike. Ni yaleyale ya dirishani. Tofauti ni kwamba mashine haiumwi sikio.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mlima. Zahanati za juu ya Uluguru hazikuwa na daktari, na daktari wa mjini asingeweza kupanda kila mgonjwa anapokohoa. Basi hospitali ikaweka kamera Mgeta, ikaweka na mnara mdogo kwenye tuta linaloonana na mjini. Njia yetu ya mawasiliano ilikuwa nyembamba, na ukungu ukishuka ilizidi kuwa nyembamba. Picha kamili ya mtu anayetembea isingepita hata kwa kusukumwa. Ilibidi tuibane mpaka ibaki ya lazima tu, na ubishi wetu wa kila siku ulikuwa juu ya kipi ni cha lazima. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, aliamini mpaka mwisho kwamba natengeneza televisheni za hospitali. Majirani waliniletea za kwao.

Kesi ya kwanza iliyoninyima raha ilikuwa ya khanga. Muuguzi wa zahanati ile ya Mgeta, Sista Paskalina, hakutaka wa mjini wadhani kwamba juu kuna uchafu. Siku ya kwanza ya kamera akatundika khanga mpya nyuma ya kiti cha mgonjwa, ya maua na madoa na pindo la korosho, akafungua dirisha hewa iingie. Upepo wa mlimani ukaipepea. Mashine yetu ikaona kila ua na kila doa linahama, ikadhani hiyo ndiyo habari ya siku, ikamaliza njia yote kwa ajili ya khanga. Uso wa mgonjwa ukapata makombo. Huku mjini Daktari Lyimo akaona khanga safi kabisa, na mbele yake mtu wa matofali.

Nikapiga simu. "Sista, naomba uitoe khanga hiyo."

"Imekukosea nini?"

"Ni nzuri mno, Sista. Inatumaliza."

"Kitu kizuri ndicho kinachotolewa? Haya, nyie wa mjini."

Nikamwambia aweke shuka jeupe lisilo na kitu. Wiki nzima hatukupata mgonjwa hata mmoja kwenye kamera. Nilidhani watu wamepona. Kumbe kila aliyeingia, akiona shuka jeupe limenyooshwa nyuma ya kiti, anageuza. Nani akae mbele ya sanda? Hakuna kozi iliyowahi kunifundisha hilo. Tukawapelekea kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, watu wakarudi, na Sista Paskalina alininunia mpaka msimu wa viazi.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, maana halikuwa kosa la mtu yeyote. Wazee wa kule juu walikuwa wanaijua kamera moja tu, ya mpiga picha aliyepanda siku ya harusi na kuwaambia wasitikisike. Ukimweka mzee mbele ya kamera yetu, anavaa koti, anakaa wima, anaweka mikono magotini na kutulia mpaka aambiwe basi. Hata kupepesa macho anajibana. Sasa mashine inatuma kinachobadilika, na mzee habadiliki. Haitumi kitu. Mjini daktari anaona picha imetulia tuli, anasema imeganda, anakata. Kuunganisha upya ilikuwa shughuli ya kutengeneza chai na kuinywa. Ikirudi, mzee yuko vilevile, inakatwa tena. Na kule juu Sista anauliza: "Dokta kakasirika?"

Mzee Malisa ndiye aliyetafuta dawa. Alinitengenezea kioo cha pili, kidogo, kando ya meza yangu. Chenyewe kilionesha picha ileile, lakini kila mraba uliotumwa upya uliwaka kijani kisha ukazima. Mtu akizungumza, miraba ya mdomo inawaka. Akiwa amenyamaza lakini yu hai, basi hapa na pale kifuani mmoja utawaka anapovuta pumzi. Nikiona hivyo namwambia daktari, "Yupo, msubiri." Nilikuja kuwajua wagonjwa wa mlimani kwa miraba yao kuliko kwa majina. Mzee Malisa alipostaafu aliniachia funguo na lile sweta. Nililicheka, nikalitundika msumarini, na mwaka uliofuata kiyoyozi kipya kilipofungwa nikalivaa.

Sasa nije kwenye swali la Nuru.

Mwajuma alishushwa kutoka Mgeta kwenye lori la kabichi, kabla mvua hazijakata barabara nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa karoti. Aliteleza na tenga kichwani kwenye njia ya shambani, mguu wa kulia ukachanika, naye akaufunga kitambaa akaendelea kuvuna. Hakujua kwamba ana kisukari. Alipofika kwetu, vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Daktari Lyimo alimwambia wazi kwamba mguu ukatwe chini ya goti haraka, la sivyo sumu itapanda na hatakuwa na la kumfanyia.

Mwajuma akasema, "Mjomba hajasema."

Daktari ni mtu wa Kilimanjaro. Alimtafuta mume, akamkuta amekaa kwenye korido, amejiinamia. Mume alikuwa radhi, tena alikuwa analia. "Lakini mimi nikisema ndiyo haitoshi, dokta," alisema. "Mwenye neno ni mjomba wake." Ninyi mliotoka mikoa mingine mlielewe hili kabla hamjawaona watu wajinga. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba linapita huko, jina linapita huko, na panapokuwa na jambo zito, anayesimama ni kaka wa mama.

Mjomba huyo, Mzee Kobelo, alipigiwa simu. Alijibu kwamba hawezi kukata mguu asiouona. Kushuka hakuwezekani, kilima kilikuwa kimemomonyokea barabarani na malori yamekwama pande zote mbili. Ikabaki kamera.

Nilikwenda wodini kufunga nyaya, taa na vioo, pamoja na kile kidogo cha Mzee Malisa nilichokitoa mezani kwangu, na kama mnavyojua, mtu akifunga nyaya pembeni ya kitanda cha mgonjwa huambiwa mambo ambayo daktari haambiwi. Nilimuuliza Mwajuma kama anaogopa.

"Siogopi kisu, dada," alisema. "Naogopa kilima."

Akanieleza. Mama yake alishuka Dakawa kuvuna mpunga akiwa amembeba mgongoni, na homa ikamwua hukohuko. Mzee Kobelo alishuka, akamzika dada yake, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda naye. Tangu siku hiyo hajashuka tena. Hata Mlali pale chini ya mlima hajafika. Bonde limemla dada yake, naye hataki kulikanyaga. Hakubahatika mtoto wake mwenyewe, na mke wake alishafariki. Nyumba yake ipo juu kabisa, mahali ambapo hata pikipiki haifiki, na kila jioni Mwajuma humpandishia chakula.

"Wakiukata, nitampandiaje? Na yeye hashuki. Nitakaa chini nikiangalia moshi wake." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Najua mguu umekufa. Mimi namngoja aseme hapana, ili nife nikiwa nampandia. Usimwambie dokta."

Sikumwambia. Niliinama nikajifanya natafuta plagi, maana macho yangu yalikuwa yameshaanza.

Kuhusu ile picha ya mguu, hili ni la kazi, lishikeni. Tunapobana, kitu cha kwanza kukipunja ni rangi, kwa sababu jicho halilalamiki sana likipunjwa rangi. Kwa uso wa mtu anayezungumza, sawa. Kwa kidonda, ni hatari. Tofauti ya damu na uozo ipo kwenye rangi. Basi siku ile nilizima kila kitu. Nilizima kamera ya daktari, nikasimamisha mwendo, nikafunga kitanda na ukuta visitumwe, nikaiachia njia yote mguu wa Mwajuma na rangi yake kamili. Picha ilipanda mlimani polepole, mstari kwa mstari, wakati nje mawingu yanajikusanya juu ya tuta la mnara.

Kwenye kioo kikubwa alikuwepo Mzee Kobelo. Kanzu, koti, kofia, mikono magotini. Sista Paskalina alisimama nyuma yake, naye ameshaota mvi. Nyuma yao, kitambaa cha kijani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Mwaju. Umekula?"

"Nimekunywa uji."

"Uji si chakula. Haya, nionyeshe."

Tukamwonyesha. Alisogea karibu na kioo chake mpaka tukaona kofia tu. "Kile cheusi cha kidoleni ni kivuli au kimeoza?"

"Kimeoza, mzee," alisema daktari.

"Na ule wekundu unaopanda?"

"Huo ndio unaonitisha."

"Mimi nalima karoti, dokta. Naona." Akarudi kwenye kiti chake. Akavuta pumzi. "Ukateni."

Daktari alishusha mabega. Alikuwa ameshajiandaa kubishana. Akamgeukia muuguzi amletee Mwajuma fomu atie sahihi, na ndipo Mwajuma akaita kwa sauti ndogo.

"Mjomba."

"Ee."

"Nitakupandiaje?"

Hapo Mzee Kobelo akanyamaza. Mikono magotini, mgongo wima, macho mbele. Tukangoja. Hakusogea. Tukangoja tena. Wodini watu wakaanza kutazamana.

"Imeganda," alisema daktari, akinigeukia. "Mama Rehema, kata. Mzee ameshakubali, na chumba cha upasuaji wananingoja."

Hakuwa na roho mbaya. Alichokihitaji alikuwa ameshakipata, na mguu ule ulikuwa unazidi kuharibika tukiwa tumesimama. Lakini Mwajuma alikuwa ameishika kalamu bila kuandika. "Hajanijibu," alisema. "Mimi siandiki. Hajanijibu."

Wakati huo mashine nayo ikaanza kudai. Tulikuwa tumefungiwa mfumo mpya uliokuwa na akili nyingi: usipoona badiliko kubwa kwa muda, unakuonya, kisha unakata wenyewe ili kuokoa njia. Onyo likatokea kwenye kioo changu. Nilijua ikikatika haitarudi leo, kwa ule ukungu uliokuwa unashuka. Mwajuma angebaki na swali lake, na kalamu yake, na sumu inapanda. Nikaiamuru mashine iombe picha nzima upya, ili ijione ina kazi. Onyo likaondoka. Likarudi. Nikaomba tena.

"Mama Rehema, nimesema kata."

Ndipo nikatazama kioo kidogo cha Mzee Malisa. Uwanja wote ulikuwa umezimika: koti, kofia, mikono, kitambaa. Isipokuwa chini ya jicho la kushoto, mraba mmoja uliwaka kijani. Ukazima. Ukawaka uliokuwa chini yake. Kisha wa chini zaidi, pembeni ya pua, ukatulia hapo kidogo, halafu wa kwenye ndevu. Juu, chini ya jicho, ukawaka tena ule wa kwanza.

Mashine ile haijui chozi ni nini. Iliona kitu kimebadilika, ikakituma.

"Dokta," nilisema, "hajaganda. Analia."

Daktari Lyimo alitazama kioo kikubwa, ambako hapakuonekana kitu. Akaja nyuma yangu akatazama kile kidogo. Miraba ilikuwa inaendelea kushuka, mmoja baada ya mwingine, pande zote mbili sasa. Alirudi akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mwajuma, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na chumba cha upasuaji kikangoja.

Mimi nilikuwa naomba picha nzima, naomba tena, kidole kwenye kitufe. Mwishowe miraba mingi iliwaka kwa pamoja, mkono wa mzee ulikuwa umeinuka kufuta uso.

"Mwaju."

"Naam, mjomba."

"Basi nitashuka."

"Kushuka wapi?"

"Mtu wa juu hushuka wapi? Bondeni."

"Mjomba, wewe hushuki."

"Nilishuka mara moja kukufuata," alisema Mzee Kobelo. "Nitashuka tena."

Mwajuma alilia kwa sauti, kilio cha mtoto hasa, na mume wake akaingia kutoka korido akidhani mambo yameharibika. Kisha akatia sahihi. Ukungu ulifunika mnara wakati wanamsukuma kwenye korido, picha ikapotea, nikabaki natazama kioo cheupe na kumwita Sista Paskalina aliyekuwa hanisikii tena. Mguu ulikatwa mchana huohuo. Siku zilizofuata homa ilishuka.

Asubuhi iliyofuata upasuaji niliingia kwenye mfumo nikaiondoa ile amri ya kujikata. Mkuu wangu aliuliza kwa maandishi sababu ni nini, nikajibu kwa maandishi: mahitaji ya kitabibu. Hakuuliza tena, na mimi sikueleza. Baadaye nikaongeza na ile nukta inayopepesa kwenye pembe ya kioo cha daktari, ambayo kila kijana mpya huniuliza ina faida gani. Inasema laini ni nzima. Ikipepesa na mtu ametulia, maana yake ametulia kwa hiari yake. Kwa hiyo Nuru, njia inayoliwa pale ni ndogo, maana mtu asiyesogea hatumi kitu. Unaweza kumwachia laini wazi akafikiri mpaka amalize, kwa gharama ya karibu na bure. Ukitaka kuokoa njia, waambie wasitundike khanga.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini baada ya kustaafu nina muda wa kwenda kutafuta mboga mbali kuliko inavyohitajika, na mwezi uliopita nilifika Mlali. Nilikuwa nachagua nyanya kwenye meza ya kando ya barabara, nimeuliza bei na kuomba nipunguziwe, mwenye meza akaniinamia kunitazama vizuri.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe si dada wa nyaya?"

Alikuwa amenenepa, ndiyo maana sikumtambua. Mguu wa bandia ulikuwa umelazwa chini ya meza, una kiatu na soksi, kwa sababu joto likizidi unamchubua. Mume wake analima, yeye anauza, wamejenga pale tambarare, hatua chache kutoka barabarani. Alinishika mikono akaniuliza habari za daktari, za wauguzi, za kila mtu. Nilitaka kumuuliza jambo moja nikaogopa, kwa kuwa mzee alikuwa mtu mzima sana hata siku ile.

Hakuningoja niulize. Aligeuka akaita kuelekea uani, "Mjomba! Njoo umwone mgeni!"

Mzee Kobelo alitoka akitembea taratibu, amekunja mikono ya kanzu, amebeba beseni la maji ya moto na kitambaa begani. Alishuka kweli, barabara ilipofunguliwa, mbele kwenye lori la kabichi, na jembe lake na kuku wawili. Nilimwamkia. Aliitikia bila kunijua, maana hakuwahi kuniona. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mpwa wake, akaanza kumsafisha mguu ule uliokatwa, pole pole, kuzunguka kovu, wakati Mwajuma anaendelea kunipimia nyanya.

"Mzee, umeyazoea ya bondeni?" nilimuuliza.

"Joto," alisema. "Na mbu."

"Na mlimani utarudi lini?"

Alikamua kitambaa. Akachota maji kwa kiganja akamimina juu ya goti.

"Mguu wake ukiota," alisema. "Namwagilia kila siku."